"Utajua Ukifika" Si Jibu la Kumpa Mjamzito

Nenda kwenye kicheni pati yoyote Jumamosi hii, iwe Sinza, iwe Mbeya mjini. Utamkuta bibi harusi mtarajiwa amekaa mkekani, kanga kichwani, kazungukwa na mashangazi, masomo na majirani. Atafundwa mpaka usiku. Atafundwa kupika, kumpokea mkwe, kumnyamazia mume aliyerudi na hasira zake. Mambo ya chumbani yatasemwa waziwazi, vigelegele vikipigwa, na MC atapunguza muziki ili hata wa nyuma wasikie. Baada ya miezi michache binti huyohuyo atashika mimba. Atamfuata shangazi yuleyule amuulize: "Shangazi, uchungu unaanzaje?" Atajibiwa: "Utajua ukifika."

Jibu hilo linaua.

Linaua kwa sababu anayezaa kwa mara ya kwanza hana pa kulinganishia. Aliyekwisha kuzaa wawili, kichwa kikimuuma kuliko kawaida, anajua kwamba mimba zile mbili hazikuwa hivi. Huyu wa kwanza kila kitu kwake ni kigeni, na kila akiuliza anaambiwa ndiyo mimba hiyo, jikaze. Sasa sikilizeni: kifafa cha mimba huwapata zaidi wenye mimba ya kwanza. Presha hupanda kimyakimya, inafika 140 kwa 90 na kuendelea. Kichwa kinauma, hakisikii panadol. Macho yanaona maruerue. Maumivu yanabana juu ya tumbo, chini ya mbavu. Uso unavimba, vidole vinavimba, pete haitoki. Ndani ya nyumba wamo wanawake watu wazima wanaoitazama pete hiyo isiyotoka, nao wanabishana kama mtoto ni wa kike au wa kiume, wakati walipaswa kuwa wanatafuta usafiri!

Na huo ukimya tunauita heshima. Wahenga wetu hawakuwa hivyo. Wao walisema mficha uchi hazai. Sisi tumeficha kila kitu, kisha tunashangaa binti akifika hospitali amechelewa.

Madhara ya ukimya huu yanaanza hata kabla ya mimba. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kama mfereji mdogo, na mfereji huo hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe. Siku 28! Wakati huo wengi ndiyo kwanza wanahesabu kama siku zao zimepitiliza. Ndiyo maana vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, vinatakiwa vianze kabla ya kushika mimba na viendelee hadi wiki ya 12. Gharama yake haifikii gharama ya sare za kamati ya kicheni pati. Nendeni MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, mkawaulize wazazi wenye watoto wa mgongo wazi na vichwa vikubwa ni wangapi waliowahi kusikia habari ya kidonge hicho kabla ya mimba. Si kila mtoto wa namna hiyo angenusurika, lakini wengi wangenusurika. Kamati ilichangisha, ukumbi ukapambwa, na hakuna hata mmoja aliyemwambia binti akameze kidonge, akapime presha, sukari, wingi wa damu, na kama yeye na mwenzake wana chembe za seli mundu. Badala yake anaonywa asile mayai, eti atazaa mtoto asiye na nywele. Yaani anakatazwa chakula kizuri na cha bei anayoimudu, halafu anaachwa ale udongo wa sokoni mpaka damu ipungue.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linataka mjamzito aonane na wahudumu mara nane, mara ya kwanza kabla wiki 12 hazijapita. Kwetu mimba changa haitangazwi, tunaogopa macho ya watu, basi binti anavaa dera pana hadi mwezi wa tano. Na akijikaza akaenda mapema, kwenye kliniki nyingi swali la kwanza ni: mwenza yuko wapi? Hana? Kalete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Kumwalika baba ni jambo jema kabisa, apimwe VVU na kaswende pamoja na mwenzake. Kumgeuza baba kuwa tiketi ya kuingilia ni dhuluma. Binti wa miaka 19 aliyekimbiwa na mwanamume anatumwa akaitangaze aibu yake kwa mwenyekiti ili tu apimwe presha. Atarudi? Mimi nisingerudi.

Serikali inajivunia takwimu zake, na ina haki. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha vifo vya uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16, na kwamba vizazi 81 katika kila 100 sasa vinatokea kituoni. Hongera, nasema bila kinyongo. Lakini basi kile kisingizio cha kwamba wanawake hawaji kimekwisha. Wanakuja. Na wanakuja na beseni!

Sera ya Afya ya 2007 inasema huduma kwa mjamzito ni bure. Fungua mkoba wa mjamzito yeyote anayekaribia kujifungua uone bure hiyo inafananaje: gluvu, pamba, wembe, uzi wa kufungia kitovu, mpira wa kutandika, beseni, kanga kadhaa. Nimemwona kijana usiku wa manane kwenye duka la dawa mkabala na hospitali, mguu huu ndala ya bluu, mguu huu ya kijani, anahesabu sarafu za gluvu huku mkewe yuko leba. Zikapungua. Muuzaji akampa tu. Mama yule alihudumiwa kwa huruma ya muuza duka, wala si kwa sera ya mtu.

Humo leba nako ukimya unaendelea. Kwa mimba ya kwanza, hata njia ikishafika sentimita tano, uchungu unaweza kuchukua muda wa hadi saa 12 kabla njia haijafunguka yote, na hilo ni la kawaida. Angeambiwa mapema, asingedhani anakufa, wala shangazi asingemnywesha mizizi ya kuharakisha, dawa zinazoukaza mfuko wa uzazi bila kipimo na kumnyima mtoto hewa. Hakuambiwa, basi anapiga kelele, na anayepiga kelele anatukanwa, wengine wanazabwa vibao. Najua wakunga wetu ni wachache na wamechoka. Uchovu wao ni halali. Kofi si halali hata siku moja. Mpeni mzazi ndugu wa kumshika mkono, jambo ambalo Shirika lilelile la Afya Duniani linalipendekeza, na kama shida ni wodi haina faragha, shoneni mapazia.

Baba mtarajiwa, na wewe mama mkwe, nijibuni kabla mwezi wa tisa haujaingia. Akitokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, ni nani kati yenu atakayetoa damu, na ameshapima kundi lake? Namba 115 ya m-mama, ya kuita usafiri wa dharura bila malipo, mnaijua wote, au anaijua mgonjwa peke yake? Pesa ya kujifungulia iko kwa nani? Iko kwenye simu ya mtu anayezima simu usiku? Nani ana ruhusa ya kusema twende hospitali sasa hivi, bila kumsubiri aliyesafiri?

Na diwani akija kuomba kura, muulizeni gluvu za zahanati yenu ziko wapi, barua za mwenyekiti zinatakiwa kwa sheria ipi, na wakunga wa zamu ya usiku ni wangapi. Akianza kuzungumzia barabara, mrudisheni kwenye gluvu.