Anayeweka zote, umjibu?

Kila wiki ya dabi ya Kariakoo, kijiweni Mwenge hakosekani bodaboda wa kutoa hela zote mfukoni: "Yanga inashinda, nani anaingia?"

Kama timu zinalingana, hesabu inakubeba. Yeye ana tokeo moja, wewe una mawili: Simba kushinda au sare. Ila usijione mjanja sana. Novemba 5, 2023 walioingia kwa hesabu hiyo hiyo walilia, Yanga 5, Simba 1. Kama ukipoteza utakopa nauli, kaa kimya.

Halafu muulize, hizo hela ni zake au ni hesabu ya bosi? Ya bosi mimi siigusi. Nikiila, jioni atarudi kwangu huyo huyo kukopa ya mafuta. Nitamnyima?