Umeshindaje, laazizi?

Mpenzi msomaji, habari za tangu mwezi uliopita? Kama umeshajibu "nzuri" kabla swali halijaisha, basi safu ya leo inakuhusu.

Wanaojifunza Kifaransa hukutana mapema na swali la kumuuliza mtu wa karibu siku yake ilivyokwenda: "T'as passé une bonne journée ?" Yaani, umekuwa na siku njema? Kwenye maandishi rasmi ni "tu as", ila mdomoni inamezwa inakuwa "t'as". Ukitaka kifupi zaidi unasema "Alors, ta journée ?", haya, siku yako je? Bosi humuulizi hivyo. Yeye utamwita "vous" kwa heshima. "Tu" ni ya watu wa ndani: mpenzi, rafiki, ndugu.

Sisi wa Kiswahili mambo yetu ni tofauti kidogo. Bosi anaulizwa "umeshindaje" na mpenzi naye anaulizwa "umeshindaje", neno ni lile lile. Sasa huyu wa ndani atajuaje kwamba yeye ni wa ndani? Jibu langu: kwa swali la pili. La kwanza ni salamu, hata jirani unampa. La pili ndilo linaloonyesha kwamba unamfahamu. "Yule mteja msumbufu alirudi?" "Kile kikao cha saa nane kiliishaje?" Hapo mwenzio anajua jana ulikuwa unamsikiliza kweli.

Na hebu liangalie vizuri neno lenyewe. Kushinda ni kukaa mahali mchana kutwa, na kushinda ni kupata ushindi. Kwa hiyo unapouliza "umeshindaje", ni kama unamuuliza pia kama leo yeye ndiye aliyeishinda siku, au siku ndiyo iliyomshinda. Kuna siku jibu la kweli ni hilo la pili, na "poa tu" huwa inaficha mengi.

Tena tunayo "pole na kazi". Mfaransa ana "bon courage", lakini hiyo humpa mtu moyo kwa kazi iliyo mbele yake. Pole yetu humpokea mtu akiwa ameshachoka. Wala haimaanishi umemkosea. Inamaanisha umeuona uchovu wake. Ni maneno matatu tu, bure kabisa, na bado kuna nyumba yanakaa miezi bila kusikika.

Shida nyingine ni saa ya kuuliza. Chukulia Suguti, kule Musoma Vijijini, kando ya Ziwa Victoria. Mvuvi wa dagaa huingia ziwani jioni na taa zake, maana dagaa hufuata mwanga gizani, na hurudi mwaloni alfajiri. Kama mke wake ni mwalimu, basi mume anapotaka kulala, mke ndiyo kwanza anatoka. Kwao "umeshindaje" ya saa moja jioni itamkuta mmoja amemaliza siku na mwenzie anaianza. Afadhali kuulizana asubuhi: "Za ziwani?" Na mbalamwezi ikiwa kali, taa haiwavuti dagaa vizuri, wavuvi wengi hupumzika. Hizo ndizo siku za kukaa na kuongea kwa kirefu.

Usicheke, wewe wa mjini. Nesi wa zamu ya usiku, mlinzi, dereva wa lori, mtangazaji wa kipindi cha alfajiri, wote wana ziwa lao. Je, unajua saa ambayo mwenzio yuko tayari kuongea? Wengine wanataka waoge kwanza, wengine wale. Anayetoka kwenye foleni ya Dar saa mbili usiku hahitaji maswali matano mlangoni.

Halafu kuna maswali yanayovaa nguo za mapenzi kumbe ni upelelezi. "Ulikuwa wapi? Na nani? Mbona simu hukupokea?" Hapo huulizi siku, unachukua maelezo ya polisi. Mwenzio atajifunza kujibu kifupi, na mtu akishazoea kujibu kifupi nyumbani, ataanza kutafuta pa kujibia kirefu. Nyumba nyingi huanza kupoa hivyo, bila ugomvi wowote.

Kwa hiyo leo jaribu hivi. Mpe pole. Mwache apumzike. Weka simu chini, uliza jambo moja unalolijua kwenye siku yake, kisha nyamaza umsikilize. Usimkatishe, usimpe ushauri kabla hajakuomba. Naye akimaliza, mwambie siku yako wewe, hata asipouliza. Wapo wasiouliza kwa sababu wao wenyewe hawakuwahi kuulizwa.

Tukutane mwezi ujao. Na wewe, msomaji wangu, umeshindaje?