Kabla hujashusha gia boksi, angalia mafuta

Kigari changu ni cha 2005, gia boksi yake ni CVT. Mwaka jana kilianza kutetemeka kila nikiondoka kwenye taa, kisha kwenye mlima wa Kimara kikawa kinanguruma tu, mshale wa RPM unapanda na mwendo hakuna. Fundi wa kwanza hata mafuta hakuangalia: “Shusha, tafuta ya mtumba.” Iliniuma, maana hiyo ni hela ya ada ya watoto.

Fundi wa pili, mzee mtaratibu, alitoa mafuta kidogo akayadondoshea kwenye karatasi nyeupe. Meusi, yananuka kuungua. Akauliza nani aliyaweka. Nikakumbuka gereji iliyonijazia ATF ya kawaida, yale mafuta mekundu ya gia otomatiki. CVT ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na mafuta yake yametengenezwa ili mkanda ushike. Ukiweka mengine, mkanda unateleza, na ukiteleza unazikwangua puli.

Alipofungua sampu, sumaku zilikuwa na unga wa chuma laini kama masizi, ila vipande hakuna. Akabadili chujio, akaweka mafuta yanayotakiwa, akapima kiwango chake injini ikiwa inawaka na imeshapata moto. Mtetemo umepungua sana, ingawa asubuhi bado nausikia kidogo.

Vingekuwepo vipande, ningenunua gia boksi ya mtumba bila ubishi, lakini kwa muuzaji anayekubali ifungwe na tupande nayo mlima kabla sijammalizia hela yake.