Tusiifanye harusi kuwa adui wa kazi na elimu

  

Ijumaa ya leo ningependa tuzungumzie jambo linalozisumbua nyumba nyingi za Waislamu, hususan mijini. Ni hali ya kijana, wa kiume au wa kike, ambaye mchana yumo kazini, jioni yumo darasani akisomea shahada ya uzamili, na kila mwisho wa wiki anatakiwa awepo katika vikao vya harusi yake mwenyewe. Mambo matatu haya kila moja ni kheri. Kazi ni kutafuta riziki ya halali, elimu ni faradhi iliyosifiwa katika Kitabu na Sunna, na ndoa ni katika mwendo wa Mitume. Vipi basi kheri tatu zikikutana katika nyumba moja huzaa machozi badala ya furaha?

Sitatafuta mfano mbali. Mwaka 2019 binti yangu alichumbiwa. Alikuwa mfamasia katika hospitali moja ya jiji la Dar es Salaam, naye alikuwa katika muhula wa pili wa masomo ya uzamili ya jioni. Mimi, ambaye kwa miaka mingi nimesimama katika mimbari nikiwahimiza watu wasahilishe ndoa, nilikaa kimya wakati kamati ya harusi ya mwanangu ilipoundwa nyumbani kwangu. Kwanza lilizungumzwa jambo la akdi. Kisha ikaongezwa kicheni pati, ikafuatia sendofu, ikaja siku ya hina, na mwisho karamu ya ukumbini. Kila shughuli ilikuwa na sare yake, mpambaji wake na kadi zake za michango. Kila Jumamosi palikuwa na kikao, na bibi harusi akitakiwa atoe jibu la rangi ya vitambaa na idadi ya viti.

Asubuhi moja, baada ya swala ya Alfajiri, nilimkuta amelala juu ya msala. Upande wake mmoja palikuwa na vitabu vya mtihani, na upande wa pili daftari la michango. Nilipomwamsha aliniambia, "Baba, nimeichoka harusi kabla sijaolewa." Neno lile lilinichoma, kwa sababu nilijua kwamba mzigo ule hakuutaka yeye wala mchumba wake. Tuliotaka ni sisi wazee, na aliyeubeba ni yeye.

Ndugu msomaji, tuirudie dini yetu na tuitazame ndoa yenyewe. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi wetu katika mwambao huu, wamezitaja nguzo za ndoa kuwa ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili, na tamko la kuozesha na kukubali. Mahari ni haki ya mwanamke aliyoamrishwa apewe kwa moyo mkunjufu, kama ilivyo katika Suratun-Nisaa aya ya 4. Zihesabu nguzo hizo, kisha uniambie ukumbi ni ya ngapi. Akdi iliyotimia kila kitu huweza kumalizika baina ya swala ya Alasiri na Magharibi, na watu wakarejea majumbani wakiwa wameshakula.

Tuna mfano bora zaidi katika kisa cha sahaba mtukufu Abdurrahman bin Auf (R.A.), kilichopokewa katika Sahihi ya Bukhari. Alipohamia Madina akiwa hana kitu, Mtume (S.A.W.) alimuunganisha udugu na Saad bin Rabii, miongoni mwa Ansari. Saad alimtaka achukue nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Akaanza kuchuuza jibini na samli. Haukupita muda mrefu, Mtume (S.A.W.) akamwona ana athari ya manukato ya rangi ya njano, akamuuliza habari yake. Akajibu kwamba ameoa mwanamke wa Kiansari, na mahari ni dhahabu yenye uzito wa kokwa ya tende. Hapo Mtume (S.A.W.) akamwelekeza afanye walima, japo kwa mbuzi au kondoo mmoja.

Tuzingatie mambo mawili katika kisa hiki. La kwanza, bwana harusi huyu alikuwa mgeni wa mji na mtu wa kazi, naye hakusema, "Nitaoa nikishatajirika." Alifanya biashara na akaoa katika kipindi hicho hicho. La pili ni zito zaidi. Mtume wa Mwenyezi Mungu alikuwa katika mji ule ule, na khabari za ndoa ile alizipata kwa kuuliza. Hatukusikia kwamba alikasirika kwa kutopelekewa kadi. Lau leo ami au jirani angezijua khabari za ndoa kwa njia hiyo, udugu ungebaki?

Nao Mtume wetu (S.A.W.) alipomuoa Bibi Safiyya (R.A.) katika safari ya kurejea kutoka Khaibar, mwaka wa 7 Hijria, walima wake ulikuwa tende, jibini na samli, ambavyo masahaba walivileta kila mmoja kwa alichokuwa nacho. Hakukuwa na nyama wala mkate. Watu walikuwa safarini wakitoka vitani, na walima ukafuata hali yao. Basi kanuni tunayoipata ni kwamba sherehe huifuata hali ya wanaooana. Sisi tumeigeuza, tukataka kazi, masomo na afya za watoto wetu vifuate sherehe.

Hebu tuipime hali ya vijana hao kwa hesabu ya kawaida. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imempa mfanyakazi wa Tanzania likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo, wala haikutenga likizo maalumu ya harusi. Katika siku hizo huyo kijana anatakiwa afanye mtihani, aandike tasnifu, aolewe au aoe, na ahamie nyumba mpya. Upande wa fedha, aliyesoma shahada ya kwanza kwa mkopo wa serikali hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi mpaka deni liishe. Juu ya makato hayo kuna ada ya uzamili na kodi ya nyumba. Tukimsukuma akope tena kwa ajili ya ukumbi wa usiku mmoja, tunamwingiza katika ndoa akiwa na madai shingoni, na sote tunajua jinsi Mtume (S.A.W.) alivyokuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na uzito wa deni.

Wapo watakaosema, "Basi na wasubiri wamalize masomo ndipo waoane." Rai hii siiungi mkono. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratun-Nur aya ya 32 kuozeshwa wasio na wenza, na akaahidi kuwatosheleza kwa fadhila zake wakiwa mafukara. Kuwachelewesha vijana walio tayari na walioridhiana kwa muda wa miaka miwili au mitatu ni kuwafungulia mlango wa fitna, nasi ndio tutakaoulizwa. Tukiipunguza karamu, wakati wa ndoa na wakati wa masomo vyote vitapatikana.

Turejee nyumbani kwangu. Siku ile niliwaita wakwe zangu watarajiwa na wazee wa pande mbili. Nilipendekeza akdi msikitini baada ya Alasiri na walima nyumbani, na mengine yote yaondoke. Shangazi wa binti, dada yangu mkubwa, alisimama na kusema kwa uchungu, "Miaka ishirini nimechangia harusi za watu. Leo ya kwetu ndiyo ifanywe kimya kimya?"

Maneno hayo nisiyadharau, na wala nawe msomaji usiyadharau. Michango yetu ina asili ya wema, kwani ndani yake mna kusaidiana na kuunga udugu. Dada yangu hakuwa akidai pilau. Alikuwa akidai siku ya kufurahi pamoja na watu aliowafurahisha. Nilimjibu, "Dada, haki yako ni kualikwa, kulishwa na kuheshimiwa, na hiyo utaipata. Lakini mtoto huyu si hazina tuliyoweka ili tulipiwe madeni yetu." Tulikubaliana ibaki siku ya hina, wanawake peke yao, nyumbani, bila sare. Waliotaka kuchangia waliombwa wanunue vyombo vya nyumba ya maharusi. Sitaficha kwamba wapo jamaa wawili walioudhika, na mmoja wao mpaka leo salamu yake kwangu ni fupi. Nimeikubali gharama hiyo. Binti yangu alifanya mitihani yake, na wiki mbili baadaye akaolewa akiwa na uso wa mtu aliyelala usingizi.

Kwa uzoefu huo nina nasaha chache kwa familia.

Kwanza, siku ichaguliwe na maharusi kwa kutazama ratiba ya chuo na ya kazi, kabla ya kutazama nafasi za kumbi. Pia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe siku zisizopungua 21 kabla. Jambo hilo lifanywe mapema, lisije likawa mbio za mwisho.

Pili, shughuli za harusi zibebwe na wazazi na ndugu. Maharusi waulizwe mara moja wanachotaka, kisha waachwe. Kundi la WhatsApp la kamati lisimwite bibi harusi akiwa zamu ya usiku kuulizwa habari za keki.

Tatu, mazungumzo ambayo hatuyafanyi ndiyo muhimu kuliko yote. Kabla ya akdi wakubaliane wazi: je, mke ataendelea na masomo? Nani atalipa ada? Kazi itaendelea vipi Mungu akiwajaalia mtoto? Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba masharti yanayostahiki zaidi kutekelezwa ni yale ambayo kwayo ndoa imehalalishwa. Wanazuoni wa Kihanbali wameyapa nguvu kubwa masharti ya mke katika akdi. Shafii ameyawekea mipaka zaidi. Lakini wote wamekubaliana kwamba Muislamu hukaa katika ahadi yake. Vikao kumi vya kamati vinazungumzia chakula cha saa tatu, na hakuna hata kimoja kinachozungumzia maisha ya miaka thelathini!

Nne, walima uwafikie mafukara. Mtume (S.A.W.) amekitaja kuwa chakula kibaya kabisa kile cha walima wanaoalikwa matajiri na wakaachwa masikini. Kadi ya mchango inayoandikwa kiwango cha fedha ndipo mtu aruhusiwe kuingia, tuiogope.

Na kwenu vijana wangu. Baada ya harusi kazi itaendelea na masomo yataendelea, nanyi mtakuwa wawili katika chumba kimoja wenye uchovu wawili. Jifunzeni kwa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Yeye na jirani yake wa Kiansari waliishi pembezoni mwa Madina, na hawakuweza wote kuacha shughuli zao kila siku ili wamsikilize Mtume (S.A.W.). Wakawekeana zamu. Huyu akishuka siku moja, jioni humletea mwenzake khabari za siku hiyo, na kesho hushuka yule. Ikiwa majirani wawili waliweza kugawana elimu na kazi namna hiyo, mume na mke wana haki zaidi ya kuweza. Wiki ya mtihani wa mke, mume na aingie jikoni. Wala si aibu, kwani Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Wiki ambayo mume anaandika tasnifu, mke na amwepushie wageni. Huo ndio walima usiokwisha.

Nasi wazazi, kabla ya kuitisha kikao kijacho tujiulize: karamu hii tunaifanya kwa ajili ya watoto wetu, au kwa ajili ya macho ya watu? Jibu la swali hilo mimi nililipata nikiwa nimechelewa kidogo, juu ya msala wa binti yangu. Namwomba Mwenyezi Mungu wewe ulipate mapema.

Ewe Mola wetu, zibariki ndoa za vijana wetu, wafanyie wepesi katika riziki zao na elimu zao, na utujaalie sisi wazee wao kuwa msaada kwao, tusiwe mzigo juu yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.