Filamu Zaweza Kutufunza Kusimulia

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa kwa basi aghalabu hupumzika Mtito Andei, mji ulio karibu na nusu ya safari. Iwapo basi hilo lina runinga, dereva azimapo injini filamu nayo hukatika, pengine pale pale shujaa alipokaribia kunaswa. Utawaona abiria wakishuka shingo upande, wakinywa chai harakaharaka na kurejea vitini kabla honi haijalia. Hakuna aliyewashurutisha. Wamerudishwa na swali moja tu: je, itakuwaje?

Sasa hebu sisi walimu tujiulize: ni insha ngapi za wanafunzi wetu zinazotufanya tuulize swali hilo? Yeyote aliyewahi kusahihisha insha za kubuni anaujua ukurasa wa kwanza. Jua la matlai limechomoza, ndege wanamhimidi Muumba, mwandishi ameamka, ameoga, amestaftahi. Methali zimekwisha kuwa tano na tashbihi saba, lakini tukio hakuna. Mwanafunzi huyu amefunzwa kuipamba nyumba kabla ya kufunzwa kuijenga. Kwa maoni yangu, filamu zipendwazo na vijana, ambazo wengi wetu twaziona kuwa upotezaji wa wakati tu, zaweza kumsaidia katika ujenzi huo.

Mfano mmoja umetokana na ardhi yetu wenyewe. Takriban kilomita 50 kutoka Mtito Andei, kuelekea Voi, barabara huvuka mto Tsavo. Hapo ndipo, katika mwaka wa 1898, simba wawili walipowavamia vibarua waliokuwa wakijenga daraja la reli. Mhandisi aliyesimamia kazi hiyo, John Henry Patterson, aliwaua wote wawili mwezi wa Desemba mwaka huo, na mwaka wa 1907 akachapisha kitabu kuhusu mkasa huo. Mnamo 1996 kisa hicho kikatolewa kama filamu, "The Ghost and the Darkness", iliyoandikwa na William Goldman na kuongozwa na Stephen Hopkins.

Funzo la kwanza la filamu hiyo ni ustadi wa kuficha. Mara nyingi mtazamaji hamwoni simba. Huona nyasi zikitikisika, na husikia ngurumo kutoka gizani. Si ajabu kwamba filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar kwa uhariri wa sauti. Mwandishi hana vipaza sauti, lakini anayo masikio ya mhusika wake. Badala ya kuandika kwamba Juma aliogopa mithili ya swara aliyemwona chui, na aandike kwamba mbwa aliyekuwa akibweka nje alinyamaza ghafla. Msomaji ataogopa mwenyewe, bila ya kuamrishwa. Bibi zetu walilijua jambo hili. Katika ngano zao, zimwi lilisikika likija muda mrefu kabla ya kuonekana.

Funzo la pili ni kwamba balaa iliyo bora katika hadithi ni ile inayotokana na uamuzi wa mhusika mwenyewe. Katika filamu, Patterson anaazima bunduki yenye nguvu zaidi lakini haijaribu kwanza. Simba anapomkabili, bunduki inakataa kulia. Baadaye wagonjwa wanahamishwa kutoka hospitali ya zamani, na wawindaji wanaotea humo wakiwa na hakika kwamba simba watafika. Kumbe simba wamekwenda kuishambulia hospitali mpya. Hekima ya shujaa ndiyo iliyogeuka kuwa mtego wake. Linganisha na insha zetu, ambamo gari hutokea tu na kumgonga mtu, au mwandishi akwamapo huandika kwamba aligutuka, kumbe ilikuwa ndoto!

Funzo la tatu ni haja ya mhusika. Katika "Nairobi Half Life", filamu ya Kenya iliyotolewa mwaka wa 2012, twajua mapema kwamba kijana Mwas anataka kuwa mwigizaji. Anapofika jijini na kuporwa mali yake, hatumwonei huruma tu. Twataka kujua iwapo ndoto yake itaokoka. Mhusika asiyetaka chochote hana safari, na asiye na safari hafuatwi na mtu.

Nawasikia wenzangu wakisema kwamba filamu zimejaa umwagaji damu na kwamba hazimfunzi mtoto Kiswahili sanifu. Ni kweli. Tena filamu zina kasoro iliyo kubwa zaidi. Ile ya 1996 haikupigwa Tsavo, bali Afrika Kusini. Simba wake wana manyoya shingoni, ilhali wale halisi, ambao mabaki yao yamo katika Field Museum mjini Chicago, hawakuwa nayo. Remington, mwindaji Mmarekani aliyeigizwa na Michael Douglas, ni wa kubuni. Naam, msimulizi ni Mwafrika, Samuel, lakini mkasa wenyewe umewekwa mikononi mwa wageni wawili wenye bunduki. Vibarua, wengi wao kutoka India, hufa kama umati. Wakamba na Wataita, waliokuwa wenyeji wa nchi hiyo, hatuingii nyumbani mwao.

Hata idadi ya waliouawa imebaki ya kubishaniwa. Patterson alikuja kutaja 135, ilhali utafiti uliochapishwa mwaka wa 2009 ulikadiria watu wapatao 35. Ikiwa hesabu yenyewe imetatiza, sembuse majina yao na waliyoyawaza usiku ule?

Hapa ndipo kalamu inapoishinda kamera. Kamera huonyesha hema likiraruliwa. Kalamu yaweza kuingia katika moyo wa kibarua anayelala macho, akihesabu miezi iliyosalia kabla ya kurudi kwao, akijiuliza kama ni dhambi kuomba kwamba leo achukuliwe jirani. Hadithi hiyo ingali inamsubiri mwandishi, na sioni sababu ya mwandishi huyo kutotoka katika shule iliyo Mtito Andei, Kibwezi au Voi.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, ukipata runinga shuleni, teua filamu iwafaayo watoto, waonyeshe dakika kumi, kisha izime kama dereva wa basi azimavyo injini. Usiwaulize maana ya maneno magumu. Wape karatasi, waandike kitakachofuata, na uwakataze kutumia methali hata moja mpaka jambo fulani litokee. Mapambo yatafuata baadaye, nyumba ikiwa imesimama.