Alama Zipandishwe Mizani

Leo acha niwaudhi wenzangu mnaounda gemu: kama kuna zawadi, usiache simu ya mchezaji ijitangazie alama. Utalipa wezi.

Najua kwa sababu nililipa mmoja. Nilipoacha chuo nilirudi nyumbani Mogogosiek, nikaunda kagemu ka kuchuma chai. Unapewa dakika 1, unagusa majani mawili na chipukizi, kila mguso alama 1. Ukimaliza, simu inatuma ombi la HTTP aina ya POST kwa seva, ndani yake jina na alama. Anayeongoza wiki ikiisha anapata kredo ya shilingi 500 kutoka mfukoni mwangu.

Dogo mmoja wa Litein akapiga 212 na simu yenye kioo kimepasuka. Jumapili usiku ikaingia 99,999. Huyo hakugusa hata jani moja! Alifungua kompyuta, akaandika ombi kama lile la gemu, akajiwekea nambari anayotaka. Seva ikajibu 200, yaani poa, imepokelewa. Nami nikatuma kredo bila kuangalia. Dogo akaniandikia: "Brathe, kwani dakika yake ni ya masaa mangapi?" Sikuwa na jibu.

Mtasema niweke HTTPS. Hiyo inazuia wa njiani wasisome wala kubadilisha ombi, lakini huyu mwizi ndiye anayeliandika. Nifiche neno la siri ndani ya gemu? Gemu iko kwa simu yake, atalichimbua tu.

Jibu nililipata kwa kogo. Akifika kituoni na majani, karani hamuulizi, "Mama, umeleta kilo ngapi?" kisha aandike. Gunia linapanda mizani. Kogo analeta majani, mizani inasema kilo.

Basi simu nayo ilete majani. Seva ndiyo ifungue mchezo na kuupa nambari yake. Simu itume kila mguso na wakati wake, seva ihesabu yenyewe. Miguso 99,999 kwa dakika 1? Kataa. Matokeo yamefika sekunde 5 baada ya mchezo kuanza? Kataa. Mjanja wa roboti bado atajaribu, lakini atatoka jasho. Na mvua ikikata netiweki, simu itume tena baadaye. Ile nambari itazuia mchezo mmoja kuhesabiwa mara mbili.

Lakini kogo naye hamwamini karani kwa macho tu. Anasoma mizani, anatunza risiti. Kwa hivyo seva imrudishie mchezaji alama iliyoandika, na ikimkataa imwambie kwa nini. Kama huwezi kufanya hayo, toa zawadi, watu wacheze tu kujifurahisha.

Dogo nilimlipa 500 yake. Na wewe wa 99,999, najua unasoma hii. Rudisha kredo.