Bima ya safari si ya kumridhisha ofisa wa viza

Dar es Salaam na Nairobi, watu wengi hununua bima ya safari miadi ya ubalozini ikiwa imekaribia, na swali kwa wakala huwa moja tu: ipi ya bei nafuu itakayokubaliwa? Inanunuliwa kama ile bima ndogo ya gari, ili trafiki akisimamisha pawe na cha kuonyesha. Kwa viza ya Schengen sharti linajulikana: kinga isipungue euro 30,000, ifanye kazi katika nchi zote za Schengen kwa siku zote za ziara, igharamie matibabu ya dharura na kumrudisha msafiri kwao, awe mgonjwa au maiti. Hati ikitimiza hayo, ubalozi hauna neno. Lakini ubalozi hauulizi hali ya afya ya mwenye hati.

Chukua mzazi wa miaka 68 anayekwenda Ujerumani kumwona mjukuu. Ana presha na sukari, na dawa anameza kila siku. Hati nyingi za bei ya chini hazilipii ugonjwa aliokuwa nao mtu kabla ya kusafiri, au zinalipia dharura yake kwa kiwango kidogo. Akipatwa na kiharusi huko, kampuni ina haki ya kuomba kumbukumbu zake za hospitali ya nyumbani. Ikiwa fomu iliuliza kuhusu presha na ikajazwa “hapana” ili bei isipande, madai yote yanaweza kukataliwa, na bili ikamwangukia mtoto aliyemwalika. Wakala anayemshauri mteja aandike hivyo anamtendea ubaya, hata kama anadhani anamsaidia. Afadhali ugonjwa utajwe na nyongeza ilipwe.

Kwenye Mlima Kilimanjaro mambo ni hayo hayo. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, na kwa njia ya Marangu wapandaji hulala Kibo, mita 4,720, kabla ya kuamka usiku kukikabili. Bima nyingi za kawaida zina kikomo cha mwinuko kilicho chini ya hapo. Mtu akishikwa na ugonjwa wa mwinuko, maji yakaanza kujaa mapafuni, anahitaji kushushwa haraka, pengine kwa helikopta, na hati inayoishia mita 4,000 haitamlipia hata kama ameikata kwa fedha nyingi.

Zanzibar nayo, tangu Oktoba 1, 2024, inamtaka mgeni kutoka nje ya nchi akate bima ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44 za Marekani, hata kama ana nyingine aliyokuja nayo. Wapo wanaoiona hii kuwa kodi tu. Linalostahili kusemwa kwa sauti kubwa zaidi ni kwamba kinga hiyo ni ya Zanzibar: mgeni akivuka kwenda Serengeti, anahitaji bima nyingine.

Aprili 2010, majivu ya volkano ya Iceland yalipofunga anga la Ulaya kwa siku kadhaa, baadhi ya kampuni za bima zilikataa kulipa abiria waliokwama kwa hoja kwamba majivu si hali mbaya ya hewa. Ubishi huo wote ulizaliwa na maneno ya mkataba ambayo wateja wengi hawakuwa wameyasoma.

Kwetu kuyasoma ni kugumu zaidi, maana hati nyingi za bima ya safari zimeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Wasimamizi wa bima, TIRA kwa Tanzania na IRA kwa Kenya, wanaweza kuzilazimisha kampuni ziweke ukurasa wa kwanza wa Kiswahili wenye mambo manne: magonjwa yasiyolipiwa, kikomo cha mwinuko na cha umri, kiasi ambacho mteja atajilipia mwenyewe, na kama kampuni inalipa hospitali moja kwa moja au mgonjwa atangulize fedha zake kisha adai. Ukurasa huo usomwe kabla ya malipo, mteja akiwa bado na nafasi ya kwenda kwa wakala mwingine.